Medali Isiyo na Visiwa

Wilfrido Ledezma, sonara wa mjini Goya, ana miaka sitini na mbili, na kila Machi hutengeneza nakala za medali ya vita vya kugombea visiwa vya Malvinas. Wateja wake ni wale waliopigana. Medali halisi huzifungia kabatini. Kwenye gwaride la kumbukumbu ya vita hivyo, tarehe mbili Aprili, huvaa nakala, maana jasho na mvua huharibu utepe. Usoni pa medali pana ramani ya visiwa viwili, nyuma jina la mwenyewe.

Ledezma mwenyewe hana medali. Mwaka 1982, akitumikia jeshi kwa lazima, alijaza mafuta ndege za vita kwenye uwanja wa pwani ya kusini. Medali ni ya waliovuka bahari. Ameandika barua kumi na moja kuiomba, na majibu yote yana aya ileile ya kukataa.

Mwaka huu Belisario Quintana, mwenyekiti wa wapiganaji wa zamani, alileta orodha ya majina. La mwisho lilikuwa Ledezma.

"Hapa umekosea, Belisario."

"Sijakosea. Chonga."

"Sikuvuka maji mimi. Wenzako watanicheka."

"Wacheke kwa meno gani? Nusu yao ni vibogoyo. Zile ndege nani alizinywesha, mama yako?"

"Nimechoka kuomba, ndugu yangu."

"Nani kakwambia uombe? Nimekuagiza kazi, sonara. Fanya kazi."

Za wengine alizimaliza kwa juma moja. Yake ilikaa mezani hadi asubuhi ya gwaride, Quintana alipoingia kuzichukua. Aliigeuza: jina lipo. Akaigeuza tena. Usoni palikuwa laini kama sahani.

"Visiwa viko wapi, bwana?"

"Sikufika huko."

"Si ungeweka hata ndege?"

"Ndege haikuwa yangu. Nilishika mpira wa mafuta tu."

Quintana alimsogelea. Akambandika kifuani, akijichoma pini mara mbili.

Ledezma alitembea mstari wa mwisho. Mwanamke mmoja kando ya barabara alisogea kuitazama medali, akauliza ni ya wapi.

"Ya bara, mama," akamjibu bila kusimama.

Baada ya mitaa mitatu magoti yalikataa. Alitoka mstarini, akaketi kwenye ngazi za duka la mikate lililofungwa, akavua kiatu cha kulia na kuanza kukanda mguu. Kila alipoinama, medali ilimgonga goti.