Machungwa ya Shemeji

Naishi Kariakoo, lakini Kariakoo yenyewe naisikia tu kupitia dirishani. Kwangu mimi kushuka hadi sokoni ni safari ya kuaga watu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu tunayeishi naye, huniita mke wake, na hunitania kwamba nikifa, maiti yangu itagoma kutoka ndani.

Yeye alikuwa muuzaji kwenye duka la pembejeo mtaa wa pili. Wakulima wengi hawamudu galoni zima la dawa ya magugu, kwa hiyo aliwapimia kwenye chupa za maji. Anatumbukiza mpira kwenye pipa, ananyonya kwa mdomo mpaka dawa ianze kushuka. Ikimfika ulimini anatema, anashushia maziwa. Dukani kwao wote wanaamini maziwa yanaua sumu.

Macho yake yakawa ya manjano. Hospitali wakamwambia ini limeharibika, aachane kabisa na zile dawa.

Mimi na kidato cha nne changu nikaingia kwenye simu. Nikasoma kwamba vitamini C na E zilisaidia kukinga maini ya panya waliopewa dawa ya magugu. Nikajiona daktari. Nikawa namkamulia machungwa na mapera, na vidonge nikamwagiza mume wangu, maana duka la dawa liko nje.

Baada ya wiki chache shemeji akachangamka, hamu ya kula ikarudi. Asubuhi moja nikamkuta anavaa viatu.

"Unaenda wapi?"

"Kazini, mke wangu. Si umeshanipa kinga?"

Nikamwambia wale walikuwa panya wa maabara, na hakuna aliyewanyonyesha mpira. Akasema panya hawana mama huko Masasi anayesubiri kutumiwa hela, na mtu mwenye macho kama yake hakuna wa kumpa kazi nyingine. Kaka yake alifoka, akabembeleza. Akakubali kuvaa glavu. Lakini mpira hauvutwi kwa glavu.

Sasa tumbo limejaa maji, na miguu imevimba. Daktari hazungumzii tena habari ya kuacha kazi. Anauliza tu nani yupo nyumbani mchana. Nipo mimi, nitaenda wapi. Naendelea kukamua machungwa kwa sababu sijui kufanya kingine.

Jana nilimpelekea glasi. Akajipapasa tumbo, akaniangalia.

"Mke wangu, mimba hii ni yako. Usije ukaikana."

Nikamshikia glasi mdomoni mpaka akamaliza.