Sanamu Iliyomfika Fundi Kiunoni

Saa tatu asubuhi, chai imepoa mezani na Dada Mzigo hajaigusa. Simu iko kwenye chaji, na ndani yake mwanamke anafoka.

"Dada, hii sanamu ya kuvalishia nguo inanifika kiunoni! Nimshonee nani, mwanasesere? Wateja wangu ni watu wazima!"

Anausikiliza ujumbe huo mara ya pili, kana kwamba safari hii fundi cherehani atasema jingine. Kisha anashika kichwa.

Jina la Dada Mzigo alipewa na wateja, na ni kichekesho kitupu, maana mzigo wenyewe haugusi. Duka lake ni simu. Huchukua picha za bidhaa kwa msambazaji mwenye ghala, akaongeza bei na kuzitangaza mtandaoni. Mteja akilipa, oda inakwenda kwa msambazaji, na mzigo unatoka ghalani moja kwa moja hadi kwa mteja. Tofauti ya bei hizo mbili, ukiondoa gharama za matangazo, ndiyo faida yake.

"Watu wanadhani ni hela ya bwerere," anasema. "Waje wakae na hii simu siku moja tu! Mzigo ukichelewa, mimi. Ukivunjika, mimi. Aliyeufunga wala hajulikani."

Alianza kazi hii baada ya duka alimokuwa keshia kufungwa. Mama yake, anayeishi naye, hajaielewa mpaka leo.

"Duka gani halina hata msumari?" anauliza mama kutoka jikoni.

"Mama, tafadhali. Si leo."

Anampigia msambazaji. Huyo hana hata haya.

"Vipimo nilikutumia, sista. Hukusoma?"

Vipimo alitumiwa kweli, ila hakuviweka kwenye tangazo. Aliiamini picha, na kwenye picha sanamu imesimama peke yake, hakuna hata kiti pembeni. Msambazaji yuko tayari kuipokea, lakini nauli ya kuirudisha alipe Dada Mzigo. Nauli hiyo inameza faida ya oda sita.

Linalomkosesha raha zaidi ni fundi mwenyewe. Ndiye kiongozi wa kikundi cha mafundi, na nusu ya oda za Dada Mzigo hutoka kwao. "Akinikimbia huyu, nimekwisha," anasema.

Anaamua kumrudishia pesa mkono kwa mkono. Mama anavaa viatu bila kualikwa. "Twende nikalione hilo duka lako."

Kibanda cha fundi kimejaa vitambaa na vyerehani viwili. Sanamu imesimama katikati, fupi, bila kichwa. Dada Mzigo anaishika bega. Ni bidhaa ya kwanza ya duka lake kuigusa tangu aanze.

"Nisamehe, dada. Pesa yako hii hapa."

Fundi amenuna, haipokei. "Pesa nitaishona? Nina magauni ya harusi hapa!"

Mama, ambaye hajaulizwa, anakwenda kusimama kando ya sanamu. Anajinyoosha.

"Sasa mwanangu, ungenisimamisha mimi hapa tangu mwanzo, nani angekosea?"

Fundi anajizuia, anashindwa, anacheka hadi anakaa chini.

Dada Mzigo hacheki. Anamtazama mama yake kama mtu aliyepata jibu mahali alipopadharau, kisha anatoa simu na kumpiga picha.

Mpango wake sasa ni huu: kila bidhaa aagize moja kwanza, aishike, aipige picha mama akiwa pembeni, na vipimo viandikwe juu kabisa. Faida itapungua miezi ya mwanzo. "Bora ipungue kuliko kutukanwa kila asubuhi," anasema.

Sanamu fupi ataiuza kwa mshonaji wa nguo za watoto. Anapotoka nayo nje, fundi anamwita.

"Hiyo pesa kaa nayo, uniagizie nyingine. Ila safari hii nataka inayomfika mama begani."