Mjane wa Ndoo

Usiku kucha Jashoda alingoja simu ya mumewe, aliyelazwa kwa kikohozi. Asubuhi akasikia mpini wa ndoo ukilia uchochoroni. Ni yule mjane ambaye marehemu mumewe alifanya kazi kiwanda cha mabati ya asbesto, sari kaifunga kibwebwe, vidole vimekunjamana kwa kufua, akirudia lile lile kila mlango: "Dada, nguo za kazini usizikung'ute. Zitumbukize majini kwanza. Mimi nilikung'uta, vumbi likanikaa kifuani."

"Daktari wa ndoo kaja!" jirani akacheka.

Jashoda naye alizoea kumfungia mlango, akihofia mumewe asije akafukuzwa kazi kiwandani humo humo. Leo mjane hakubisha hodi. Alitua ndoo, akakohoa, akangoja. Ndani, mtoto alicheza chini ya shati la baba lililojaa vumbi. Jashoda akalitungua taratibu, bila kulikung'uta, akafungua mlango.