Taulo jeupe nililoshindwa kumrushia kaka yangu ulingoni, kambi ya bati Walikale

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa nimekaribia tisini na sidhani kama mmebaki wengi.

Ninayoandika hapa mengi niliyaona kwa macho yangu, na moja nililipokea kwa mdomo wangu. Mtanielewa mbele. Sitaongeza chumvi, kwa umri huu chumvi nimekatazwa hata kwenye chakula.

Nimesoma ule uzi wa mabondia wa zamani, vijana mnabishana nani alikuwa mkali kuliko nani. Sawa. Mimi nataka kusema habari ya kona. Yule mtu wa ndoo na taulo ambaye hakuna anayemkumbuka.

Mimi ni mtu wa Bihambwe, Masisi, Kongo. Kigoma nimeishi miaka mingi ndiyo maana naandika kama nyinyi, ila watu wangu nitawaacha waongee cha kwetu: 'njo' ni ndiyo, 'paka' si mnyama bali ni tu au mpaka, na 'ba' ni wa.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi na kaka yangu Bauma tulishuka kutoka milimani kwenda msitu wa Walikale, kuchimba bati kwenye kambi ya kampuni moja ya wazungu. Nilimwita yaya. Msicheke, najua kwenu yaya ni mfanyakazi wa ndani, kwetu ni kaka mkubwa.

Kabla sijafika ulingoni lazima niwaambie habari ya kitambaa, la sivyo mtaniona mjinga.

Baba yetu alikufa nikiwa mdogo. Baba mdogo alisimama mlangoni akakunjua kitambaa cheupe, akakirusha juu ya baba aliyekuwa amelala pale chini. Kwenye ukoo wetu ndivyo ilivyokuwa, kinarushwa, na kikishatua mtu huyo hatajwi tena jina mpaka azikwe. Kilimtua usoni. Mama akapiga yowe ambalo sijalisahau.

Tulikuwa Wakristo, misa kila Jumapili, lakini hilo la kitambaa padri hakuligusa na sisi hatukumwambia.

Tangu siku hiyo Bauma hakulala tena amejifunika uso, na baridi ya Bihambwe anayeijua anaijua. Ukimrushia hata shati lake alikuwa anaruka pembeni. Nami hivyo hivyo, ila mimi nilificha.

Turudi kambini.

Jumapili mchana wazungu walikuwa wanafunga kamba kwenye uwanja wa mpira, wanaweka mbao chini, wachimbaji wanapigana ngumi. Bauma aliwapiga wa kambi yetu wote, akawapiga na wa kambi ya jirani. Hakuwa na nguvu sana, alikuwa na macho. Ngumi ilikuwa inamkuta ameshaondoka.

Siku moja mkubwa wa kambi akamwita. Kuna bondia wa kulipwa anakuja kutoka Costermans (ndiyo Bukavu, watu bado tuliiita hivyo). Anazungushwa kambi kwa kambi na mzungu wake. Bauma akimaliza naye raundi sita, hata kwa kushindwa, yule mzungu atamchukua Costermans awe bondia wa kulipwa naye. Atoke shimoni.

Hilo la kutoka shimoni mlielewe. Mwezi huo udongo ulikuwa umewafunika wenzetu wawili. Mmoja tulimfukua kwa mikono, mimi na Bauma, na tulipomfikia tulitamani tusingemfikia.

Basi akasema ndiyo.

Bondia mwenyewe walimwita Marto, yaani nyundo, Kifaransa kilichopindishwa. Habari zake zilifika kabla ya lori lake. Ati aliua mtu Stanleyville ulingoni. Ati mtu alitoka damu masikioni, akalala, basi. Kila aliyesimulia aliongeza kidogo, lakini masikio na damu havikubadilika kwa msimulizi hata mmoja. Hapo ndipo nilianza kuogopa. Uongo huwa unabadilika.

Wiki nzima chakula hakikupita. Nilikuwa nikimwangalia Bauma akioga, naangalia masikio yake.

Nikamwambia, "Yaya, tuache hii mambo. Turudiye Bihambwe, tulime maharagi."

Akacheka. "Ile muntu iko na mikono mbili tu, sawa miye. Shimo njo iko na mikono mingi."

Siku yenyewe ikafika, mimi nikiwa mtu wa kona wa Bauma. Refa alikuwa mzungu wa gereji. Alinipa taulo jeupe, jipya, na kunieleza sheria kwa Kiswahili chake cha amri.

"Wewe kutupa taulo, mimi kusimamisha. Wewe hapana kutupa, mimi hapana kusimamisha. Unasikia?"

Nikasema nimesikia.

Bauma naye alisikia. Akanivuta shati, akaniambia polepole, uso umekuwa mwingine kabisa: "Mudogo. Ile kitambaa usinitupiye. Hata nianguke. Ukinitupiya, unanizika muzima."

Nikaapa. Wakuu, niliapa kwa jina la mama.

Marto akapanda. Nilitegemea jitu, kumbe mtu wa kimo cha kawaida, shingo fupi, hasemi na mtu. Hakumwangalia Bauma hata mara moja. Alikuwa ananiangalia mimi. Nikajiuliza nimemkosea nini huyu.

Raundi ya kwanza na ya pili Bauma alicheza vizuri, wachimbaji wakapiga kelele mpaka ndege wakahama mitini.

Ya tatu Marto akaacha kutafuta kichwa, akaanza mbavu. Sauti ya ngumi zake ilikuwa kama mtu anapigapiga gunia la muhogo. Macho ya Bauma yalikuwepo, miguu ndiyo ikaanza kuchelewa.

Ya nne jicho la kushoto likafunga. Akarudi kwenye kona, nikamwagia maji, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama alishafika?"

Mama alikuwa Bihambwe, mwendo wa siku kadhaa.

"Mama gani, yaya?"

"Mama. Njo anaita paka pale."

Akaonyesha msitu. Nikageuka kuangalia, naona aibu kusema lakini niligeuka. Hakukuwa na mtu. Nikaangalia sikio lake la kushoto, nikaona uzi mwembamba wa damu.

Kengele ikalia, akasimama akaenda. Alienda kwa mazoea tu, mwenyewe hakuwepo.

Raundi ya tano akaanguka. Refa akahesabu, Bauma akainuka kwenye nane. Refa akanitazama, akalitazama taulo mkononi mwangu. Marto naye akanitazama. Nikalikunja ngumini.

Nilikuwa naogopa vitu viwili na vyote ni kifo. Nisiporusha, atakufa kwa ngumi. Nikirusha na likamtua, nimemfunika mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya watu, kama baba. Mtasema ni taulo tu. Nawaambia mkono haukuinuka. Niliuamuru, ukagoma.

Akaanguka tena kwa goti moja. Akainuka. Marto akamfuata pale kwenye kamba, na Bauma akashusha mikono yote miwili, anaangalia msituni, anatabasamu.

Hapo sikufikiri. Nililitupia lile taulo kichwani kwangu mwenyewe, likanifunika uso, nikapenya kamba nikakimbilia nilikosikia pumzi za Bauma. Moyoni nasema, kama kuna kinachotafuta mtu wa kufunika, huyu hapa, ameshafunikwa.

Ngumi iliyokuwa ya Bauma niliipokea mimi. Meno mawili, yale ya juu. Yaliyobaki yakanitoka kwa uzee, lakini hayo mawili nayahesabu peke yake.

Nilipofungua macho nilikuwa nimelala juu ya kaka yangu. Refa ananitukana kwa Kifaransa. Pambano limevunjwa, Bauma ameshindwa, raundi sita hazikutimia, Costermans imekwenda na maji.

Marto alikuwa amepiga magoti pembeni yetu. Yule muuaji, wakuu, amepiga magoti!

"Juu ya nini haukutupa?" akaniuliza. "Tangu ya tatu nakuangaliya. Nakuomba na macho. Haukutupa!"

Nikatema damu, nikamgeukia yaya.

Kesho yake alikuja kwenye chumba cha wagonjwa cha kambi, amevaa kofia mpaka machoni. Bauma alikuwa bado hajaamka. Akakaa kwenye kibao, akasema bila kuulizwa:

"Ule muntu wa Stanleyville ni kweli. Kona yake pia haikutupa. Miye banasemaka piga, napiga paka banisimamishe. Banisimamishe basi! Muntu hawezi kujisimamisha peke yake pale ndani."

Kisha akasema kila akipanda ulingoni huwa anamtafuta kwanza mtu wa taulo, amjue sura. Ndiyo sababu aliniangalia. Akaondoka na lori lake, sikumwona tena. Wiki nzima nilimwogopa mtu aliyekuwa anaogopa kuliko mimi.

Bauma alilala siku mbili. Mganga wa kambi kila akipita alimvutia shuka mpaka kidevuni, nami kila akitoka nalishusha mpaka kiunoni. Siku ya pili tuligombana. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, nikipoteza hesabu naanza upya.

Alipofungua jicho moja, neno la kwanza halikuwa mama wala maji.

"Ulitupa?"

"Sikukutupiya, yaya."

Akafikiri kidogo. "Basi sikufa."

Akalala tena, usingizi wa kawaida, anakoroma. Nililia mpaka mshono wa mdomo ukafunguka.

Hakurudi shimoni, sikio la kushoto halikusikia tena na kampuni haikumtaka. Tulipanda mlima kurudi Bihambwe. Akalima maharagwe na viazi, akaoa, akazaa. Uzeeni mikono ilimtetemeka kikombe kikawa hakifiki mdomoni, na najua ilitoka wapi. Kila siku najiuliza, ningerusha ile raundi ya tatu, angekunywa chai yake vizuri? Hilo sina wa kunijibu.

Vijana wa ngumi, ninalowaachia ni hili. Kabla ya kupanda, kaa na mtu wako wa kona mpatane alama ya kusimamisha ambayo yeye ataiweza na wewe utaikubali. Filimbi, kofia, hata kuita jina la mama. Msikubali alama ya wenye ulingo kama mikono yenu haiwezi kuitoa. Sisi tuliona aibu kumwambia mzungu kwamba taulo lake kwetu ni sanda. Sentensi moja tu ile, hatukuisema.

Najua swali la kwanza litakuwa taulo liko wapi. Nijibu kabisa.

Nililitunza. Miaka michache iliyopita walinipigia simu Kigoma, Bauma amelazwa hospitali ya Mweso, njoo. Nililiweka kwenye mfuko, sijui kwa nini, nikasafiri. Nilimkuta asubuhi, dirisha liko wazi, amekuwa mdogo kama mtoto. Nikaongea kwenye sikio la kulia.

"Yaya, ni miye."

Akanitazama mdomoni, pale kwenye pengo. Akatabasamu.

"Kitambaa iko?"

"Iko."

Akautazama mfuko wangu.

"Sasa unaweza kutupa, mudogo. Raundi sita ilishatimia."

Nilingoja mpaka pumzi yake ya mwisho kabisa. Nikalikunjua, nikasimama mlangoni kama baba mdogo alivyosimama. Na safari hii mkono uliinuka.

Kama humu kuna aliyewahi kushika taulo la mtu wake, aniambie mkono wake ulifanya nini. Nasoma polepole, ila nasoma yote.