Nukta na Mistari ya Msimbu

Juzi hapa nyumbani Kibaha nilipita nyuma ya binti yangu, naye akageuza simu upesi nisione anachoandika. Labda wewe ungekasirika. Mimi nilicheka, maana nami niliwahi kuwa na maandishi ya siri, tena niliyatunga mwenyewe.

Nililelewa na bibi yangu, jina lake Msimbu, huko Kisarawe. Bibi hakujua kusoma. Barua za mama kutoka Kibaha alisomewa na jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya mnadani, aliyezisoma barazani huku akitia na maoni yake. Siku mama alipoandika kwamba mumewe amemwacha, kufikia alasiri wanawake walishajaa uani kutoa pole, wengine wamebeba na muhogo. Bibi aliwapokea vizuri. Walipoondoka akaniambia, "Mke mwenzangu, aibu ya mwanangu imeshakuwa ngoma. Nitafutie maandishi ya sisi wawili tu."

Nikamwambia nitamfundisha herufi za shule.

"Hizo si hata huyo jirani anazijua?"

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri kwenda sekondari Kibaha na kuishi na mama. Bibi alitaka nimwandikie hali ya mwanae bila kijiji kizima kusikia. Basi nikatunga. Irabu nilizipa nukta: a moja, e mbili, i tatu, o nne, u tano. Herufi nyingine zikawa mistari ya kusimama, ya kulala na ya kuegemea. Bibi alikuwa msusi wa mikeka, kuhesabu miyaa ndiyo kazi yake, kwa hiyo nukta alizishika siku moja. Mistari ndiyo iliyotutoa jasho, tukiichora kwa mkaa kwenye sakafu ya jiko huku moshi ukitutoa machozi. Aliposoma neno "mama" peke yake alipiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo, jirani asije akauliza kuna nini. Karatasi niliyoandikia maelezo ya herufi zetu aliitia motoni. Akasema tutunze kichwani.

Muhula wa kwanza nilimwandikia mara tatu: mama anakula, mama amepata kibarua cha kupika, mama halii tena usiku. Halafu nikapata marafiki, nikapata netiboli, nikazembea. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Nilipokuwa kidato cha pili, dereva wa lori la mkaa aliniletea barua ya bibi. Safu nne za maandishi, penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Nukta nilizisoma zote. Mistari ilikuwa imenitoka kabisa. Nikafanya ujinga ambao mpaka leo unaniuma: nikamjibu kwa herufi za shule, "Bibi, nimesahau. Ulikuwa unasemaje?"

Jirani alimsomea barazani, mbele ya watu.

Likizo nilikwenda nimejikunyata. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitengea wali wa nazi na kisamvu. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Nilipomwomba anisomee ile barua, alisema tu, "Ilikuwa ya siku ile, mjukuu wangu. Imeshapita." Sikumwona tena akishika penseli.

Bibi alishafariki, mama naye pia, na jiko lile limebomolewa. Barua ninayo. Nikiitazama nasoma a, a, i, u, a, na mimi ndiye niliyetunga zile herufi.