Ng'ombe wa Dhamana

Afisa mikopo ninayempakia kwenye pikipiki yangu kutoka Katesh haridhiki na ng'ombe wa dhamana kwa kumwona tu. Watu huazima mifugo ya jirani siku ya ukaguzi, ndiyo maana ana mtindo wake. Akishamwamkia mwenye nyumba, huonyesha ng'ombe mmoja kwa ncha ya kalamu na kusema taratibu, "Hebu mwite." Ng'ombe wa nyumbani hugeuza kichwa. Asipogeuka, afisa hamtazami mtu usoni. Huinama, akafungua kamba za viatu vyake na kuzifunga upya, polepole, mpaka mwenye nyumba apate pa kuweka uso.

Jana tulikuwa Gehandu, mvua imeharibu njia yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hebu mwite yule mwekundu."

"Zawadi!" mama akaita. Wakwe zake wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Akaita tena, sauti imeshuka. Ng'ombe akaendelea kucheua, akiangalia boma la jirani. Mama akajiziba mdomo kwa kanga. Mimi nikajifanya nakagua cheni ya pikipiki. Afisa akainama haraka, vidole vikapapasa miguuni vikitafuta kamba. Alikuwa amevaa gambuti, na bado hakuinuka.