Jumamosi ya Mabata wa Kanada

Nilikwenda kutazama ndege kwa sababu ya Rehema. Ni bora niseme hivyo mapema, maana huko Tanga wengi wameshaambiwa kwamba Ulaya imenigeuza mpenda ndege. Rehema ni muuguzi, mtoto wa Ngamiani kama mimi, na hospitali moja ya Kanada ilikuwa imempa kazi. Alitakiwa kujibu Jumatatu. Mimi nilikuwa nimemaliza shahada yangu hapa Birmingham, na kwa miezi mingi nilikuwa nimeshindwa kumwambia kwamba nataka kumuoa.

Chumbani kwangu Perry Barr nililipima jambo hili kila upande. Mkahawani kuna kelele. Bustanini watu hutukodolea macho. Kwake kuna wauguzi wenzake, na wote wana masikio. Mwenye nyumba wangu, Bi Doris, ndiye aliyetaja hifadhi ya ndege.

"Nenda kule mabwawani," akasema. "Majani yakianza kupukutika, ndege hujaa. Na kule hapasemwi neno, ni kimya kabisa."

Hilo la mwisho sikulitilia maanani.

Asubuhi nilivaa tai, nikaivua, nikaivaa tena. Rehema aliponiona kituoni alicheka mpaka akashika nguzo.

"Unakwenda kuhojiwa na bata, Bakari?"

Basi lilipita Castle Vale, kwenye maghorofa mapya yaliyojengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani. Nilikuwa nimepanga kuanza hapo. Nikaona maghorofa hayafai, nikaahirisha hadi mtoni, na mtoni nako nikaahirisha.

Hifadhi yenyewe ni mashimo ya zamani ya kokoto yaliyojaa maji. Matete yalikuwa na rangi ya simba, na ukungu ulikuwa bado umelala juu yake. Korongo wa kijivu alisimama kwa mguu mmoja kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Nikamwonea huruma, kwani nilimwelewa. Mara ndege mdogo wa buluu akapita juu ya maji kama kiberiti kilichowashwa. Rehema akanishika mkono kwa mshangao. Nikasahau hata jina langu.

Kisha angani ikatokea safu ya mabata bukini, wakipiga kelele kama watu waendao harusini.

"Hao ni wa Kanada," mlinzi wa hifadhi akatuambia.

"Wamenifuata!" Rehema akaruka kwa furaha. Mimi nikakaza tai.

Tukaingia katika kibanda cha mbao, ambamo watu hukaa kwenye benchi na kuchungulia ndege kupitia tundu refu. Alikuwamo mzee mmoja tu, Kalasinga mwenye kilemba cha samawati, darubini machoni. Alitikisa kichwa kutusalimu. Nikawaza: hapa Kiswahili ni chumba chetu cha ndani. Nikaanza kunong'ona.

"Rehema, kwanza ningependa kueleza mazingira ya jambo hili, tangu tulipokuwa shule..."

"Tazama yule bata, kichwa chini makalio juu!"

"Pili, kuhusu hali ya hewa ya Kanada..."

"Kijana," sauti nzito ikasema, "hii ndege itahama yote na wewe bado uko kwa utangulizi."

Mzee aliteremsha darubini. Alikuwa fundi magari wa Nakuru. Nilikuwa nimewaza kila kitu, mvua, kikohozi, hata moto, ila hili sikuliwaza, katika mji ambao dengu zangu nauziwa na Mhindi wa Jinja, kwa Kiswahili!

Rehema alijifunika uso kwa mtandio. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Huyu nataka kukuoa. Ni hiyo tu, mimi nimefupisha."

Nilikuwa nahesabu mapigo ya moyo wangu na kuyakosea.

"Kwetu mtu hajisemei mwenyewe," Rehema akasema, bado amejifunika. "Hutuma mshenga. Huyu mshenga wake yuko wapi?"

Mzee akaweka darubini chini, akatengeneza ndevu, akaja kuketi katikati yetu.

"Mimi hapa. Haya, mama, unamtaka?"

"Mwambie namtaka," Rehema akamjibu yeye, ingawa goti langu lilikuwa karibu kabisa. "Na mwambie apumue."

Nilipiga kelele. Bwawa zima likaruka. Mabawa yalivuma kama mvua juu ya mabati, na anga ikajaa bata.

"Umefukuza bata yangu, mjinga wewe!" mzee akafoka, machozi ya kicheko yakimtiririka ndevuni.

Jioni tulirudi watatu katika kiti cha nyuma cha basi, mzee akidai aelezwe mahari ya Tanga yakoje.

"Na Kanada?" nikauliza.

"Kanada nilikuwa naenda kwa kuchoka kukungoja," Rehema akasema.

Nimejifunza kwamba jambo likikaa kichwani mwangu hunenepa, na likitoka hupita hata mlango mdogo. Basi, Baba Rehema, ukipokea barua ya posa kutoka kwa Kalasinga wa Nakuru, usidhani imepotea njia. Nilitaka kuiandika mwenyewe, lakini mshenga amekataa. Anasema nikiiandika mimi, utaisoma mpaka Idi.